Kumtafuta Ndege wa Matete Kando ya Mfereji wa Glastonbury



Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha mvunguni tulichokitaka sisi kilikuwa sauti ya ndege, na kuinama kwetu kulikuwa kuamka saa tisa za usiku mwezi wa Aprili, kufunga mahamri kwenye karatasi, kujaza chai ya tangawizi katika themosi mbili, na kuondoka Bristol kwa gari moja la watu watano kuelekea mashamba ya Somerset. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Kama kuna aliyejuta hakusema, kwa sababu mzee wetu, aliyetuzidi wote kwa umri, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Asili ya safari hii ilikuwa mazungumzo ya baada ya Idi. Mzee huyu ni mzaliwa wa Kipini, kule mto Tana unakoingia baharini. Amekaa nchi hii zaidi ya miaka thelathini. Siku hiyo aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha: "Hivi hawa wenzetu, Waingereza, wana kinamasi? Wana matete?" Tulitazamana. Wengi wetu tunajua njia ya basi ya kwenda kazini, duka la nyama ya halali, na ofisi ya uhamiaji. Nchi yenyewe, ardhi yake na maji yake, hatuijui. Mmoja wetu akasema alisikia kuwa huko Somerset kuna ndege wa kwenye matete ambaye alipotea nchi nzima, akarudi, akakaribia kupotea tena, na sasa anasikika kando ya mfereji wa zamani. Mzee akasema, "Basi twendeni tukamsikilize."

Makala hii ni habari ya ndege huyo na mfereji huo, kwa kadiri tulivyoisoma kabla ya kwenda na tulivyoiona baada ya kufika.

Mfereji wa miaka ishirini

Mahali penyewe ni bonde tambarare karibu na mji mdogo wa Glastonbury. Hapo zamani bahari na mito ilikuwa ikilifunika kila msimu wa baridi, na mimea iliyokufa majini ikarundikana kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Ikawa udongo mweusi, mwepesi, wenye nyuzinyuzi, ambao ukikaushwa huwaka kama kuni. Tuuite mboji. Udongo huo huhifadhi vitu kwa namna ya ajabu. Mwaka 1970 mchimba mboji aitwaye Ray Sweet aligonga ubao mgumu chini ya ardhi, na ubao ule ukawa sehemu ya daraja la miti la kupitia juu ya kinamasi, lenye urefu wa karibu kilomita mbili. Wataalamu walihesabu pete za miti yake wakagundua kuwa ilikatwa majira ya baridi ya mwaka 3807 kuingia 3806 kabla ya Kristo. Tangu zama hizo watu wa hapa wanatafuta njia ya kupita penye maji.

Wafanyabiashara wa Glastonbury nao walitaka njia yao. Mwaka 1827 Bunge liliwapa ruhusa, na mwaka 1834 mfereji wa maili 14 ulifunguliwa kutoka Glastonbury hadi Highbridge, karibu na bahari, ili vyombo vilete bidhaa mpaka mlangoni pa mji. Lakini mboji si udongo wa kuaminika. Ukiutoa maji hunywea, ukiurudishia huvimba. Kina cha mfereji kikapungua, matengenezo yakala faida, na tayari enzi ya reli ilikuwa imeingia. Mwaka 1854, miaka ishirini tu baada ya sherehe za ufunguzi, reli ilijengwa ubavuni mwa mfereji, na vyombo vikaacha kupita.

Reli nayo haikuikomoa ardhi ile. Agosti 1949, karibu na hapo hapo tulipoegesha gari, gari moshi liliigonga injini ndogo ya kubebea mboji iliyokuwa imekwama kwenye kivuko, likatumbukia mferejini. Kulitoa kukashindikana, maana ardhi haikuweza kuhimili winchi kubwa. Likakatwa vipande pale pale. Machi 1966 reli nzima ilifungwa na mataruma yakang'olewa. Leo pale palipokuwa na reli ni njia ya miguu na baiskeli, na mfereji bado uko kando yake, maji yake meusi yametulia kama chai ya rangi isiyokorogwa. Kwenye njia hiyo ndipo tulipoanza kutembea kabla ya alfajiri kupambazuka, tukifuatana mmoja mmoja.

Fahali asiye na pembe

Ndege tuliyemtafuta Waingereza humwita bittern. Ni wa ukoo wa korongo na yangeyange, lakini hana ule weupe wa yangeyange wala ule urefu wa maringo wa korongo. Ana rangi ya matete makavu, hudhurungi yenye michirizi myeusi, shingo nene, miguu ya kijani. Akiogopa haruki. Huinua mdomo juu kuelekea mbinguni, akanyoosha shingo, na upepo ukiyumbisha matete naye huyumba nayo. Mtu anaweza kumtazama moja kwa moja asimwone. Jamii nyingine ya ndege huyu huishi kusini mwa Afrika, nako pia ni adimu kuonekana.

Anachoshindwa kukificha ni sauti. Majira ya kuchipua dume hujaza hewa kooni na kutoa mvumo mzito, wa chini, unaosafiri kilomita kadhaa. Hakuna ndege mwingine Uingereza mwenye sauti ya kufika mbali hivyo. Wanakijiji wa zamani walimpa majina ya fahali wa kinamasi, na hata jina lake la kisayansi, Botaurus, limefungamana na fahali.

Zamani alikuwa wengi, na alikuwa kitoweo cha wakubwa. Mwaka 1465, katika karamu ya kumsimika George Neville kuwa Askofu Mkuu wa York, orodha ya vyakula iliyobaki inataja ndege hawa 204, pamoja na yangeyange 1,000 na korongo mamia. Mzee wetu aliposikia hesabu hiyo alitikisa kichwa: "Harusi ya Lamu nzima haimalizi ng'ombe mmoja, hawa wamemaliza kinamasi."

Lakini karamu peke yake haikummaliza. Kilichommaliza ni mifereji. Si huu wa vyombo tu, bali maelfu ya mifereji ya kukausha ardhi iliyochimbwa karne hadi karne, mashariki na magharibi ya nchi, ili kinamasi kiwe malisho na mashamba. Matete yakakatwa, maji yakatolewa. Wachache waliobaki wakapigwa bunduki, wengine wakajazwa pamba na kuwekwa ndani ya makabati ya vioo kwenye majumba ya matajiri. Na kadiri ndege alivyokuwa adimu, ndivyo kila mwenye kabati alivyomtaka zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 hakuna aliyekuwa anataga tena Uingereza.

Julai 1911, mkoani Norfolk, mpiga picha Emma Turner na mtunza wanyama Jim Vincent walimkuta kinda kwenye matete. Kinda maana yake wazazi wapo. Picha aliyoipiga Emma Turner ikawa ushahidi kwamba ndege amerudi, yamkini kutoka bara la Ulaya ng'ambo ya bahari. Waliongezeka, na katika miaka ya 1950 madume wanaovuma walikadiriwa kuwa 80 hivi. Kisha wakaanza kupungua tena. Safari hii hakuna aliyewapiga bunduki. Matete yaliachwa yakazeeka, tope likajaa, maji yakapungua, samaki wakakosa pa kupita. Mwaka 1997 nchi nzima walihesabiwa madume 11.

Kumi na moja. Tulipofika kwenye tarakimu hii, tukitembea gizani, mzee alisimama. "Nani aliwahesabu?" aliuliza. "Na alijuaje kuwa si yule yule mmoja amesikika mara kumi na moja?"

Ni swali la mtu aliyekulia penye matete. Jibu lake ni kwamba watafiti walizirekodi sauti zao na kukuta kuwa kila dume ana mvumo wake, kama vile sisi tunavyomtambua ndugu kwenye simu kabla hajajitaja. Ndiyo sababu walijua kuwa ni kumi na mmoja, na walijua kila mmoja yuko wapi.

Kurudisha maji

Sasa turudi Somerset. Mboji ilichimbwa hapa kwa mikono karne nyingi kwa ajili ya moto wa jikoni. Karne ya 20 zikaja mashine, na mboji ikawa haichomwi tena bali inatiwa kwenye mifuko na kuuzwa kwa wenye bustani. Mashine zilishuka mpaka kwenye mfinyanzi. Palipokuwa na maelfu ya miaka ya udongo pakabaki mashimo.

Mwaka 1994 mashimo hayo yalianza kugeuzwa kuwa hifadhi inayoitwa Ham Wall, chini ya chama cha kulinda ndege cha Uingereza, RSPB. Zilijengwa kingo na vilango vya kuzuia na kuachia maji, matete yakapandikizwa kwa mikono, na mifereji ya kina kirefu ikachimbwa katikati ili samaki na mikunga wapate pa kuishi. Kulikuwa na sababu ya kuchagua mahali mbali na pwani. Matete mengi yaliyobaki yalikuwa ukingoni mwa bahari ya mashariki, na bahari inapopanda maji ya chumvi huingia na kuua samaki wa maji baridi. Walihitaji mahali pa kuhamia kabla ya kuhamishwa.

Walingoja. Huwezi kumwita ndege kwa tangazo. Mwaka 2008, miaka kumi na minne tangu kazi kuanza, ndege huyu alitaga tena Somerset, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa takriban miaka arobaini. Hesabu ya nchi nzima nayo ilipanda mwaka hata mwaka: madume 234 mwaka 2023, na 283 mwaka 2024.

Nasi tukangoja. Saa kumi na mbili kasorobo anga ilianza kupauka, na kilima cha Glastonbury na mnara wake kikajitokeza juu ya ukungu kama kisiwa. Tulikaa kwenye benchi, tukamimina chai. Kilichotujia kwanza hakikuwa tulichokifuata. Juu ya matete ulipita msururu wa ndege weupe, mabawa polepole, na sote watano tukasema neno moja kwa pamoja: yangeyange!

Tuliangua kicheko. Tumetoka usiku kumtafuta mwenyeji adimu, tumepokelewa na jamaa zetu. Na kweli ni wageni wapya hapa. Yangeyange mdogo alianza kutaga Uingereza mwaka 1996, kwenye kisiwa cha Brownsea. Yule anayefuata ng'ombe, tunayemjua sote tangu utotoni, alitaga mara ya kwanza mwaka 2008, na yule mkubwa mweupe mwaka 2012. Hawa wawili wote walianzia Somerset hii hii. Mmoja wetu alisema hao hawakusimama foleni ya viza. Mzee hakucheka na hilo. Alisema, "Waliwekewa maji, wakaja. Mgeni huja penye maji."

Sauti

Mama mmoja wa Kiingereza mwenye darubini shingoni, mtu mzima wa makamo ya mzee wetu, alitukuta tukipepesa macho huku na huko juu ya matete. Akatuambia kwa upole tuache kutazama, tufumbe macho. Tukafumba.

Ilikuja kutoka upande wa kulia, ng'ambo ya mfereji. Kwanza kama mtu anavuta pumzi, mara mbili tatu. Kisha mvumo: *wuuump*. Hausikiki sikioni peke yake, unausikia kifuani. Ukarudia mara nne, ukanyamaza. Baadaye mwingine akajibu kutoka mbali, upande wa kilima.

Tulifumbua macho tukamkuta mzee wetu ameshika kofia yake mkononi. "Siwa," alisema. "Kama siwa inapigwa ng'ambo ya mto." Wale wasomaji waliowahi kuisikia siwa kwenye harusi au sherehe za pwani ya Lamu wataelewa alichokimaanisha: sauti isiyokuja kukuburudisha bali kukuarifu kuwa kuna jambo.

Ndege mwenyewe tulimwona mara moja tu, sekunde tano hivi. Aliinuka juu ya matete, mzito, wa rangi ya shaba, akavuka mfereji kwa mabawa mapana, akatua na kupotea kama kijiti kilichozama. Watatu tulimwona. Wawili walikuwa wanamimina chai, na mpaka leo hawajasamehewa wala hawajatusamehe.

Mfereji wa nyumbani

Tukiwa njiani kurudi kwenye gari mzee alianza kueleza habari za mfereji mwingine. Karibu na kwao, mto Tana zamani haukuingia baharini Kipini. Ulikuwa na mdomo wake kusini zaidi, mdomo wenye mawimbi ya hatari kwa vyombo vidogo. Kaskazini yake kulikuwa na mto mdogo, Ozi, wenye bandari za Kau na Kipini. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji mwembamba uitwao Belezoni kuunganisha Tana na Ozi, ili mitumbwi yenye mazao ipite ndani kwa ndani bila kukabili bahari. Mfereji ulikuwa wa mitumbwi. Lakini maji hayaulizi umechimba kwa ajili ya nani. Tana ukaufuata mfereji ule, ukaupanua, mpaka ukawa ndio njia yake kubwa, na leo mto mrefu kuliko yote nchini Kenya unaingia baharini Kipini kwa sababu ya majembe ya watu ambao majina yao hatuyajui.

Hivyo mifereji miwili ya karne moja, mmoja huku na mmoja kule, yote ilichimbwa kwa ajili ya biashara, na yote ikabadili nchi kwa namna ambayo wachimbaji hawakuikusudia. Wa huku ulikufa baada ya miaka ishirini. Wa kule ulimeza mto.

Baadaye yakaja mabwawa ya umeme huko juu mtoni, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, na mafuriko ambayo wakulima wa mpunga waliyategemea yakabadilika. Ikaja mipango ya mashamba makubwa ya miwa, na watu wa delta wakabishana nayo mpaka mahakamani. Mwaka 2012 delta ya Tana iliandikishwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kulinda ardhi za majimaji, mkataba ule ule ambao bonde hili la Somerset liliandikishwa mwaka 1997. Karatasi ni moja. Lakini mzee anasema ndugu zake wa upande wa Ozi wanalalamika kuwa maji ya chumvi yanapanda mtoni kuliko zamani, na miembe aliyoikuta kwa babu yake imekauka.

Tusije tukadanganyana, ndugu wasomaji. Si nia yetu kusema Waingereza wamefanikiwa basi nasi tuige. Wao walianza kwa kumaliza, ndipo wakarekebisha, tena kwa fedha nyingi. Na mboji iliyochimbwa haikurudi. Kilichorudi ni maji na matete juu ya shimo. Nchi hii bado inanunua mboji ya bustani kutoka Ireland na nchi za Baltiki, yaani kinamasi cha wengine kinaendelea kuingia kwenye mifuko. Jambo tulilorudi nalo ni dogo kuliko hilo. Mwaka 1997 mtu alikaa gizani akahesabu mpaka kumi na moja, akaandika. Bila daftari lile hakuna ambaye angejua kwamba kuna kitu cha kuokoa.

Ndani ya gari, heater ikiwa imewashwa mpaka mwisho, mzee alianza kutaja majina: ndege aliowajua utotoni, vijito, mikondo, visiwa vya delta, na kila jina alieleza limetoka wapi. Baadhi ya majina hayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyasikia, na kati yetu wawili ni wa pwani hasa. Tulichukua risiti ya petroli na bahasha ya mahamri tukawa tunaandika nyuma yake. Tulipofika Bristol tulikuwa na majina arobaini na matatu.

Tunawaomba wasomaji wenye wazee wa delta ya Tana, wa Rufiji, wa Pemba, wa popote penye matete na maji, wakae nao jioni moja wawaulize majina. Ya ndege, ya samaki, ya mifereji na ya waliochimba kama yapo. Mtuletee, tutayachapisha kama yalivyo, kila jina na mji lilikotoka. Orodha ya mzee wetu itatoka katika toleo lijalo, Mungu akijaalia. Yeye mwenyewe ameomba jambo moja tu, kwamba mwakani twende tena, na safari hii chai imiminwe mapema.